Ajali ya ndege: kusaini ofa ya shirika, kulishtaki, au kumfuata mtengenezaji?

Mgeni_Njiani
Wakuu, naomba mawazo yenu. Shemeji yangu alikuwa kwenye ndege iliyoanguka, hakupona mtu. Msiba bado mbichi, shirika limeshatuma wakili na karatasi yenye kiasi cha pesa, chini pameachwa nafasi ya sahihi ya dada yangu. Baba anasema tuchukue, kesi zitatuzeesha. Mjomba anataka tulishtaki shirika. Binamu ameshika lake: wanaopata cha maana ni wanaomshtaki mtengenezaji wa ndege huko Marekani. Ipi ina mwelekeo?

Karani_wa_Zamani
Poleni sana. Dada asisaini kitu kwanza.

Kabla ya kulinganisha, angalieni tiketi. Kinachotazamwa ni safari iliyoandikwa kwenye tiketi ya marehemu, siyo ndege ilikuwa inaruka kutoka wapi hadi wapi. Aliyepanda ndege ya ndani ili aunganishe safari ya nje kwa tiketi moja anahesabika msafiri wa kimataifa, na aliyekaa kiti cha pili yake huenda akaangukia sheria za ndani tu, ambazo kila nchi ina zake.

Kama ni ya kimataifa, mara nyingi mtakuwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, yaani makubaliano ya nchi nyingi kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria. Kwa ajali za kuanzia 28 Desemba 2024, hasara iliyothibitishwa hadi SDR 151,880 kwa abiria (zamani 128,821), shirika haliwezi kukwepa kwa kusema halikuzembea. SDR ni kipimo cha thamani ya pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kiasi hicho ni kama dola 200,000. Wengi wakifika hapo hudhani ndiyo kikomo. Sicho! Hasara ikizidi, shirika linalipa na ziada, isipokuwa lenyewe lithibitishe kwamba halikuzembea au kwamba kosa ni la mwingine peke yake. Ila msidhani kila familia inakabidhiwa 151,880 mkononi. Mtaonyesha mapato yake na nani walimtegemea.

Sitti_B
Mimi niko upande wa baba. Familia yetu ilichukua ofa na hatujuti. Watoto walikuwa wadogo na aliyekuwa akileta riziki ndiye aliyeondoka. Kesi ya miaka mitano ingetukuta tumeshauza kila kitu.

Lakini hatukusaini karatasi ile ya kwanza. Tulimpa wakili wetu aisome, akakuta sentensi inayosema tunaachilia madai dhidi ya shirika "na mtu mwingine yeyote". Hiyo ilifutwa. Kiasi nacho kilipanda baada ya kupeleka hati za mshahara.

Rubani_Kiti
Hiyo sentensi ndiyo roho ya mada nzima. Baada ya ndege ya Lion Air ya Indonesia kuanguka Oktoba 2018 na kuua watu 189, familia ziliwekewa hati ya kupokea rupia bilioni 1.25 kwa sharti la kutomdai mtu yeyote, akiwemo Boeing aliyeitengeneza ndege. Waliosaini walisaini kabla dunia haijajua vizuri kwamba mfumo wa MCAS ulikuwa unaisukuma pua ya ndege chini. Miezi mitano baadaye, 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian ya aina ile ile, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikaanguka, watu 157. Familia nyingi za hao zilikwenda mahakama ya shirikisho Chicago, na Novemba 2021 Boeing ikakubali kwamba inawajibika. Kilichobaki kikawa ni kiasi gani kila familia ilipwe.

Kwa hiyo binamu hajakosea. Mtengenezaji habanwi na Mkataba wa Montreal wala hana kinga zake.

Karani_wa_Zamani
@Rubani_Kiti mfano huo ni wa kweli lakini ni wa bahati pia. Makosa ya usanifu yaliyo wazi vile hayatokei kila ajali. Kama chanzo ni rubani au matengenezo mabovu, mtengenezaji mnamshtakia nini?

Halafu kuna ukuta wa mahakama yenyewe. Tangu uamuzi wa Piper Aircraft dhidi ya Reyno mwaka 1981, hakimu wa Marekani anaweza kusema kesi ya wageni kuhusu ajali ya nje isikilizwe nje, na akaifunga. Mnaweza kumaliza miaka mnabishana mahali tu, kabla hamjagusa kosa. Na wakili wa asilimia anakata chake mkishinda, kwa hiyo uliza ni asilimia ngapi na gharama za wataalamu zinatoka kabla au baada ya mgawo.

Mtazamaji
Kwani lazima kuchagua moja? Kumdai shirika na kumdai mtengenezaji ni madai mawili tofauti. Hasara ile ile hailipwi mara mbili, basi. Njia ya jinai nayo ipo lakini hiyo haileti ada ya shule, wengi huifuata kwa ajili ya haki. Kwenye suala la Boeing, serikali ya Marekani ilipatana na kampuni Januari 2021 bila kuzishirikisha familia. Jaji akaja kusema Oktoba 2022 kwamba marehemu wale ni wahanga wa uhalifu kisheria.

Mgeni_Njiani
Asanteni mno. Tiketi nimeipata: ya kimataifa, kwenda na kurudi, ameanzia hapa kwetu. Shirika ni la nje. Mjomba anasema tungoje ripoti ya uchunguzi kwanza. Na hela ya matumizi imeisha, je, kuna kitu cha kuombea sasa hivi?

Karani_wa_Zamani
Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni pale alipoanzia. Kwa hiyo mnaweza kulishtaki shirika mahakama za kwenu, hata kama ajali imetokea mbali, na makao ya shirika yako kwingine.

Ripoti msiingoje. Uchunguzi wa Kiambatisho 13 cha ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga) unatafuta chanzo ili ajali isirudie, hautafuti wa kulipa. Ripoti ya awali hulengwa ndani ya siku 30, ya mwisho miezi 12, na huchelewa. Saa yenu ni miaka miwili tangu siku ndege ilipopaswa kufika. Ikipita, haki dhidi ya shirika inafutika kabisa, na mazungumzo matamu na wakili wao hayaisimamishi.

Kuhusu hela, ombeni malipo ya awali kwa barua. Mashirika ya Umoja wa Ulaya yanapaswa kutoa si chini ya SDR 16,000 kwa kifo, ndani ya siku 15 tangu anayestahili kutambuliwa. Kwa mengine, inategemea sheria ya nchi yao. Malipo hayo hukatwa kwenye fidia baadaye, na kuyapokea hakumaanishi mmemaliza madai. Hakikisheni risiti inasema hivyo.

Sitti_B
Naongeza la nyumbani: msimamizi wa mirathi ateuliwe mapema. Kwetu shirika lilikuwa tayari kulipa, sisi ndio tuliokuwa tukigombana nani apokee. Na mke, watoto na wazazi wake wote waandikwe tangu mwanzo, hata mtoto wa nje ya ndoa kama yupo.

Mgeni_Njiani
Yupo. Baba hajui bado. Nitaanza na hilo leo.