Lebo za maonyesho: tufuate alichokusudia mchoraji au kinachoonekana?

Kizota_Rangi:
Wakuu, habari za jioni. Tunatundika picha 12 za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, pamoja na turubai 5 za mchoraji wa hapa Dodoma mjini. Lebo ndizo zimenikwamisha. Picha moja ya Kolo ina watu watano, wa katikati kashikwa mikono huku na huku; mwenzangu anataka tuandike "Utekaji wa mwanamke". Halafu kuna turubai ya mbuyu wenye X nyekundu shinani. Kila anayeiona anasema ni bomoabomoa. Mwenyewe anang'aka: "Ni mbuyu tu." Nimsikilize nani?

Mchanga_wa_Bubu:
"Utekaji" si jina la mchoraji, mkuu. Ni usomaji wa Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyenakili michoro ya huko miaka ya 1950. Mwaka 1986 David Lewis-Williams, mtafiti wa michoro ya miambani wa Afrika Kusini, aliutazama mchoro huohuo akaona mambo ya uganga: mtu kapandisha mzuka, wenzake wamemshikilia. Wasandawe wa pande hizohizo wana ngoma ya simbo, ambayo wachezaji hupandisha na kujigeuza simba, kwa hiyo usomaji wa pili una pa kusimama. Ila hata huo ni ushahidi wa mila, siyo barua ya mchoraji. Andika kwanza kinachoonekana, kisha tafsiri zote mbili: nani kasema, lini.

Na msichanganye michoro myekundu na myeupe kwenye lebo moja. Myekundu huhusishwa na wawindaji, mistari yake myembamba. Myeupe ni ya baadaye, minene, huhusishwa na wakulima, na pengine imepakwa juu ya ile ya kwanza. Mwamba mmoja, nia mbili.

Fundi_Fremu:
Ukungu mweupe kwenye picha usiufasiri kabisa. Kuna wageni wanaomwagia mwamba maji ili rangi ikolee kwenye kamera. Maji yakikauka yanaacha chumvi. Ukitaka wekundu ukolee, tumia programu ya DStretch kwenye picha yenyewe, na lebo iseme hivyo. La sivyo watu watasifia rangi ambayo mchoraji hakuipaka.

Zuzu_Stesheni:
X nyekundu, Tanzania hii? Hapo mchoraji kajifunga mwenyewe. Alama hiyo hakuibuni yeye. Tunaijua kutoka kwenye kuta za nyumba zinazosubiri tingatinga. Ukishaazima alama ya watu, huwezi kuwakataza kuisoma. Kipimo changu ni kimoja: anayetafsiri aweke kidole kwenye turubai aonyeshe. Wa bomoabomoa anaonyesha X. Atakayesema mbuyu ni mama mzazi, aonyeshe wapi.

Mchanga_wa_Bubu:
Nakupinga kidogo. Kwenye kejeli kipimo hicho kinapwaya: anayesifu na anayedhihaki wanaweza kuchora kitu kilekile, na bila kujua nia utamwelewa kinyume. Wanazuoni wa Marekani Wimsatt na Beardsley waliandika mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi haipatikani kirahisi wala haifai kuwa mizani ya kazi yake. Kama mizani, sawa, isitumike; ila kama ushahidi, nia mbona ni halali? Kizota, usimuulize "ulimaanisha nini", atakujibu "mbuyu". Muulize alichobadilisha: rasimu ya kwanza ilikuwaje, kipi alifuta, kipi aliongeza mwisho. Lebo isizidi maneno 60, kauli yake iwe ndani ya alama za kunukuu.

Kizota_Rangi:
Rasimu ya penseli anayo, nimeiona. Haina X.

Zuzu_Stesheni:
Basi muulize X iliingia lini. Jibu hilo ndilo liende kwenye lebo.