Majipu yamerudi mara ya nne, nichome sindano gani?

Mla_Mihogo: Wakuu, habari za humu. Tangu mwezi wa pili natokwa majipu. La paja likipona, linaota la kwapani. Nimemeza rangi mbili (zile amoksilini), nikahamia azuma (azithromycin), wapi! Naomba jina la sindano kali. Za kuzunguka mahospitalini sina. Nawasilisha.

Bush_Lawyer: Tangu 2015 tunatumbua majipu na bado hayaishi tu?

Mama_Shughuli: Mwanangu, shuka unafua lini? Na hizo safari za usiku punguza.

Mzee_wa_Kambi: Jipu unalijua wewe? Mimi lilinikaa kalioni siku tisa, ugali nakula nimesimama. Kambini tulikuwa tunachangia wembe na taulo, likaanza mmoja likazunguka bweni zima. Siku napasuliwa, usaha uliruka hadi ukutani. Nesi akacheka, nami nikacheka huku nalia.

Nesi_wa_Zamu: Jipu lililoiva dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa usaha utoke. Hivyo vidonge ulimeza siku ngapi? Na hapo nyumbani nani mwingine ana kidonda?

Mla_Mihogo: Siku mbili tatu. Nikipata nafuu naacha, zinazobaki naweka za dharura. Kidonda... wife alijifungua kwa operesheni, mshono unatoa usaha kidogo. Namsafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Ila swali langu ni majipu.

Nesi_wa_Zamu: Usaha wake ulioteshwa maabara kujua ni wadudu gani?

Mla_Mihogo: Ndiyo, karatasi tunayo. Kwenye dawa inaitwa oxacillin wameandika R. Nikajua ni "rudia". Ndiyo maana nimeshanunua vichupa sita vya seftriaksoni, jirani aliwahi kuuza duka la dawa, jioni anatuchoma wote wawili. Msinilaumu, bodaboda kwenda tu elfu nne, na kila tukifika tunaambiwa njooni kesho.

Nesi_wa_Zamu: R ni sugu, kaka. Kama walioota ni stafilokokasi, bakteria wa majipu, hao ndio MRSA, yaani wasiosikia methisilini wala ndugu yake oxacillin. Methisilini iliingia 1959, kufika 1961 Uingereza walishawaona wanaoishinda. Pakiwa na R hapo, rangi mbili, kloksa (cloxacillin) na hiyo seftriaksoni yako ni sawa na maji. Karatasi hiyohiyo ina dawa zenye S, ndizo zinazowaweza. Daktari achague humo, tena ni mama anayenyonyesha. Na huo mshono unaugusa kwa mikono iliyotoka kukamua majipu?

Mchunguzi_Huru: Chai hii! Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi anatafuta mchumba. Leo ana mke na mshono?

Bush_Lawyer: Nilihisi sukari imezidi.

Mla_Mihogo: Ule uzi ni wa mdogo wangu, tunatumia simu moja.

Mzee_wa_Kambi: Alimpata lakini?

Nesi_wa_Zamu: Chai au siyo chai, mtoto ana siku ngapi? Kitovu kimekauka?

Mla_Mihogo: Siku 11. Pembeni pamekuwa pekundu, bibi yake anapaka samli. Sasa kitovu kinahusianaje na majipu yangu?

Nesi_wa_Zamu: Huenda ni wadudu haohao wamefika kitovuni. Jirani abaki na sindano zake. Chukua ile karatasi, mama na mtoto, mwende sasa hivi. Usisubiri jioni.

Mchunguzi_Huru: Picha ya karatasi kwanza.