Mungu, kudura na meli iliyojaa kupita kiasi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mjadala ni kama Mungu yupo, na kama imani inamfaa mtu kitu. Kwetu Unguja na Pemba hauendi mbali kabla haujafika Nungwi. Kaka mmoja ameuliza: kama yupo Mungu mwenye huruma na uwezo wote, alikuwa wapi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi na watu waliokuwa wakienda Pemba? Mwengine akamjibu kwa ukali: siku zao zilifika, usihoji kudura, utakufuru.

Mimi ni muumini, na sioni kwamba kaka ametukana. Swali lake limeulizwa tangu Wagiriki wa kale, na aliyefiwa na jamaa zake usiku ule ana haki ya kuliuliza kwa sauti. Majibu yetu ya kawaida, kwamba ni mtihani, kwamba aliyekufa maji ni shahidi, yanamliwaza anayeamini. Kwa asiyeamini hayathibitishi kitu. Tukubali hilo.

Lakini tuitazame meli yenyewe. Ilitoka bandarini Malindi, Unguja, imepakia watu na mizigo kupita kiwango chake. Wapo walioiona imeelemewa wakakataa kusafiri nayo, na bado ikaachiwa iondoke. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, tukazika tena: meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kaka anapouliza Mungu alikuwa wapi, na mwenzake anapojibu ni kudura, wote wawili wanamruka aliyeendelea kupakia watu na meli imeshajaa.

Na ugomvi huu wa sababu na kudura ni mkongwe. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alisema pamba ikiguswa na moto, anayeiunguza ni Mungu. Sisi tunaona tu mambo mawili yaliyozoea kufuatana. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki 1198, akamjibu kwamba anayekanusha sababu anakanusha akili. Ghazali hakutaka mtu alale motoni, alikuwa akitetea uwezo wa Mungu wa kufanya miujiza. Ila hoja kama yake ikishuka mpaka gatini inakuwa "ajali haina kinga", na hapo mimi nipo na Ibn Rushd moja kwa moja. Mtume (SAW) mwenyewe, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga akatawakali, yaani amtegemee Mungu tu, alimwambia amfunge kisha atawakali.

Sasa faida ya imani. Maiti wa Spice Islander walilazwa viwanja vya Maisara, watu wakapita wakiwatazama nyuso mmoja mmoja kutafuta wao. Wasiotambuliwa walizikwa kijiji cha Kama. Kaka atasema huruma haihitaji dini, na ni kweli, hata asiyesali huingia baharini kumwokoa mtu. Ila kwetu kumzika mgeni usiyemjua jina hakusubiri huruma ya mtu. Ni fardhi kifaya, wajibu wa jamii nzima: asipopatikana wa kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika, mji mzima umebeba dhambi. Sijaona mahala pengine maiti asiye na mtu akipewa haki nzito kiasi hicho, na hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo, lakini inanionesha imani inaweza kumfunga mtu kwa nani.

Kinachoniuma ni kwamba fardhi hiyo tunaianza mtu akishakufa. Masheikh wetu wanatufundisha namna ya kumwosha maiti mpaka vidole vya miguu. Na hukumu ya kuzidisha abiria nayo isomwe kwenye hutuba ya Ijumaa, kwa uzito ule ule.

Kwa hiyo mwenzangu uliyesema tusihoji, nijibu hili. Nahodha anayejua meli imezidi na akang'oa nanga, ana dhambi ya roho za watu au hana? Ukisema anayo, basi kudura haimtoi lawamani, na kaka alikuwa na haki ya kuhoji. Ukisema hana, naomba dalili, yaani ushahidi wa dini.