Naomba ushauri: helmeti ya abiria aliyesuka nywele

Habari zenu wakuu. Naenda kazini kwa pikipiki, Mbezi hadi Posta, na mke wangu hupanda nyuma hadi Ubungo. Yangu ni helmeti ya uso mzima, haina shida. Shida ni ya mama watoto. Akisuka rasta, saizi yake inambana mpaka kichwa kinamuuma. Tukichukua kubwa inacheza, ukiisukuma kwa nyuma inachomoka kichwani hata mkanda ukiwa umefungwa. Kofia ya kitambaa ndani imesaidia jasho tu.

Muuzaji mmoja Kariakoo alishauri tung'oe povu la ndani. Nimegoma, maana lile povu gumu ndilo linalopunguza kishindo kichwa kikigonga lami. Au alimaanisha sponji laini tu?

Dada zetu mnaosuka, mnavaa helmeti ya aina gani ikakaa sawa?

Pia, alama ya ECE (kiwango cha usalama cha Ulaya), ile E ndani ya duara, najua hushonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Nyingi nilizoziona zina stika tu kwa nyuma. Niziache zote? Bajeti yangu haizidi laki moja.