Mjadala: Je, James Cameron ana haki ya kuzifuta chembechembe za filamu zake za zamani?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wapenzi wa filamu, naleta mbele yenu jambo ambalo limewagawa wakusanyaji wa diski tangu mwanzoni mwa mwaka 2024, na ambalo naamini linatuhusu hata sisi tulioziona filamu hizi kwa mara ya kwanza kwenye kanda za VHS zilizorudufiwa mara nyingi mpaka rangi zikachuja. Mwezi Machi mwaka huo, filamu tatu za mwongozaji James Cameron, yaani Aliens ya mwaka 1986, The Abyss ya 1989 na True Lies ya 1994, zilitolewa kwenye diski za 4K, ambazo picha yake ni kali kuliko ya Blu-ray na DVD. Wapenzi wa hizo mbili za mwisho walikuwa wamezisubiri kwa miaka mingi, wakati filamu za hovyo kuliko hizo zilishapata Blu-ray zamani. Aliyeitaka The Abyss alibaki na DVD ya mwaka 2000, ambayo kwenye runinga pana za leo huiweka picha katikati kama kidirisha chenye ukuta mweusi pande zote nne.

Kilichozua mzozo ni namna zilivyotayarishwa. Filamu hizo zilipitishwa kwenye programu za akili mnemba za Park Road Post ya Wellington, New Zealand, kampuni ya Peter Jackson, ambayo mbinu zake ndizo zilizosafisha picha za The Beatles kwa ajili ya Get Back ya mwaka 2021. Programu huondoa chembechembe, yaani zile nukta ndogo ndogo zinazoonekana kwenye picha ya mkanda wa filamu, kisha hunoa kingo za kila kitu kilichobaki. The Abyss ilipokewa vizuri na wengi, na mimi pia sina neno nayo. Aliens iligawa watu. Lakini True Lies, kwa macho yangu, imeharibiwa: uso wa mwigizaji Jamie Lee Curtis kuna mahali unang'aa kama nta, nywele zimekuwa kama waya, na watu walio nyuma ya tukio wanaonekana kama waliochorwa na mtu aliyesimuliwa tu sura ya binadamu.

Naomba tusichanganye chembechembe na chenga. Chenga ni ile mvua ya kwenye runinga upepo ukisogeza antena, nayo ni kasoro isiyo na mtetezi. Chembechembe ndizo picha yenyewe. Mkanda wa filamu hauna pikseli. Una chembe za madini ya fedha zinazoitikia mwanga, na mkanda unaposafishwa kwa dawa, rangi hujijenga mahali chembe zile zilipokuwa. Vinyweleo vya ngozi, mikunjo ya kitambaa na moshi unaopita mbele ya taa vyote vimeandikwa kwa chembe hizo hizo. Programu inayozifuta haiwezi kujua ipi ni vumbi la mkanda na ipi ni shavu la mwigizaji, kwa hiyo inakisia, na inapokisia vibaya tunaletewa sura ambayo kamera haikuiona.

Msimamo wangu ni huu: Cameron anaweza kuisafisha kazi yake apendavyo, ila hapaswi kuifanya ile iliyosafishwa kuwa ndiyo pekee inayopatikana. Ajabu ni kwamba kanuni hii yeye mwenyewe anaikubali, kwa kuwa diski ya Aliens ina matoleo mawili, lile la sinema la dakika 137 na lile refu la dakika 154, na mtazamaji huchagua. Kwa nini tupewe uchaguzi wa urefu tunyimwe uchaguzi wa picha?

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu mleta mada, umejenga hoja kwa ufasaha, lakini umemsahau mtu mmoja katika kesi hii, naye ni mwenye kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliens ilipigwa kwenye giza la mapango na mitambo, kwa mkanda wenye kasi kubwa, yaani unaonasa hata mwanga mdogo, wa aina ambayo zama zile ilijulikana kwa wingi wa chembechembe. Cameron hakuzipenda wakati ule na hajazipenda hadi leo. Mwaka 2010 filamu ilipoingia kwenye Blu-ray alisema wazi kwamba ameziondoa, na wengi wanaolia sasa ndio wanaoitunza diski hiyo ya 2010 kama mboni ya jicho. Kama kuondoa chembechembe ni dhambi, basi nakala mnayoiita safi nayo ilishapakwa.

True Lies nayo ilipigwa kwa mtindo wa Super 35. Waigizaji walipigwa kwa lenzi za kawaida, kisha ikakatwa sehemu tu ya fremu ili kupata picha pana ya sinema, na sehemu hiyo ikakuzwa. Ukikuza kipande, chembe zake hukua nacho. Ni gharama ya ufundi uliokuwepo mwaka 1994, ambayo mwongozaji aliibeba kwa kukosa njia nyingine, si pambo alilolichagua.

Kisha nauliza, hiyo picha ya awali mnayoidai ni ipi? Hakuna mtazamaji wa sinema aliyewahi kuiona negativu, yaani mkanda wenyewe uliokuwa ndani ya kamera. Kutoka kwenye negativu ilitolewa nakala chanya, kutoka hiyo ikatolewa negativu ya pili, na kutoka hiyo ya pili ndipo zikachapwa nakala za kumbi. Kila hatua ilipunguza ukali wa picha na kuongeza chembe. Ukiskani negativu leo kwa 4K bila kugusa chochote, unaonyesha kitu ambacho hakikuonekana ukumbini mwaka 1986. Nyote mnabishania usafi wa maji ya mto ambao hakuna aliyefika chemchemi yake.

Kwa jambo moja simtetei. Alipoulizwa kuhusu malalamiko haya aliwakejeli wanaochunguza chembechembe, wakati hao ndio wanaonunua diski zake.

Mchangiaji wa Morogoro

Wakubwa zangu, nawaheshimu, lakini True Lies mimi niliiona kwenye kibanda umiza, juu ya runinga ya inchi 21, watu sitini tumebanana kwenye mabenchi. Sura ya Schwarzenegger ilikuwa ya kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyedai kiingilio chake. Hizo diski za 4K zinataka deki yake, runinga yake na mfuko wake, na Samsung walishatangaza mwaka 2019 kwamba hawataleta tena deki mpya za Blu-ray kwenye soko la Marekani. Mnapigania picha itakayoonwa na wachache wanaopungua kila mwaka.

Mchangiaji wa Muscat

Mdogo wangu wa Morogoro, umesema kweli kuhusu mfuko, ila nadhani umeigeuza hoja juu chini. Kadiri diski zinavyopungua ndivyo kosa lililomo ndani yake linavyozidi kuwa zito, kwa sababu huenda hakutakuwa na toleo jingine la kulirekebisha. Filamu iliyo mtandaoni hubadilishwa usiku ukaamka asubuhi hukuti ya jana, wala hakuna anayekuaga. Diski iliyo kabatini kwangu haiwezi kufanyiwa hivyo.

Nimekusanya diski tangu DVD zilipoanza kuingia madukani huku, na nimejifunza kwa kero ndogo ndogo jinsi kampuni zinavyotutawala. Kampuni ziliigawa dunia katika kanda, yaani maeneo, na diski ya kanda moja haichezi kwenye deki ya kanda nyingine: Oman imewekwa kanda ya 2 ya DVD na Afrika Mashariki kanda ya 5. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapelekea ndugu zangu Unguja diski, na deki zao zinazitema, mpaka tukapata deki iliyofunguliwa kanda zote. Kwenye Blu-ray sote tuliwekwa kanda B, na diski za filamu za 4K hazina kanda kabisa. Huu ndio wa kwanza kati ya mifumo hii mitatu ambao mtu wa Muscat au wa Unguja anaweza kuazimana filamu na mtu wa nchi yoyote bila kuomba ruhusa ya mtu, na umekuja wakati maduka yanafunga rafu.

Kuhusu haki ya mwongozaji, tusimjadili Cameron peke yake. Mwezi Machi mwaka 1988 George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, alisimama mbele ya Bunge la Marekani akawashambulia waliokuwa wakizitia rangi filamu za zamani zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Alisema kwamba wanaoharibu urithi wa sanaa kwa ajili ya faida ni washenzi. Mwaka 1997 Lucas huyo huyo akatoa Star Wars iliyoongezwa viumbe vya kompyuta na kubadilishwa nani anafyatua risasi kwanza katika tukio la kwenye baa, na tangu hapo ile ya mwaka 1977 ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Iliwahi kutolewa kwenye DVD mwaka 2006 kama nyongeza tu, kwa kunakili kanda kuu iliyotayarishwa mwaka 1993 kwa ajili ya laserdisc, zile diski kubwa zilizotangulia DVD. Ninayo, na picha yake ni dhaifu kweli, lakini siiuzi. Mwezi Juni 2025 BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilipoonyesha nakala halisi ya mwaka 1977 jijini London, ilikuwa habari ya dunia. Tafakari, ndugu: filamu iliyoangaliwa na mamilioni, kuonyeshwa kama ilivyokuwa kunageuka kuwa tukio.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nashukuru kwa michango. Kaka wa Mombasa, nakubali kwamba nakala ya 2010 nayo iliguswa, na sitaiita safi tena. Lakini kuna tofauti kati ya kupunguza chembechembe na kubuni kingo ambazo hazikuwepo. Ya kwanza ni kama kuosha shati mpaka rangi ipauke kidogo, ya pili ni kulichora upya vifungo. Waliolalamikia Aliens hii walikuwa wanailinganisha na ile ya 2010 ambayo ilishapunguzwa, na bado waliona tofauti. Hilo linaonyesha kwamba si chembechembe peke yake zinazowakera.

Nimeambiwa pembeni kwamba ulinganisho wangu wa matoleo mawili si sahihi kiufundi, na nimeukagua. Matoleo ya dakika 137 na 154 yanatumia picha zile zile. Diski huruka tu kutoka sehemu hadi sehemu, kwa hiyo hayachukui nafasi mara mbili. Picha mbili tofauti zingehitaji nafasi mara mbili, na diski kubwa kabisa ya 4K ina gigabaiti 100. Sawa, basi iwe diski ya pili. Blade Runner mwaka 2007 ilitolewa katika sanduku la diski tano lenye matoleo matano, likiwemo lile la majaribio ambalo halikukamilika, na mwongozaji wake Ridley Scott hakuaibika kwamba lile analolipenda linakaa pamoja na yale asiyoyapenda. Steven Spielberg naye alibadilisha bunduki za maafisa kuwa redio za mkononi katika E.T. ya mwaka 2002, lakini seti ya DVD ya mwaka huo ilikuwa na filamu zote mbili, na Blu-ray ya 2012 ikarudisha ile ya 1982 peke yake. Baadaye alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuigusa. Angekuwa amezifungia nakala za mwanzo, majuto yake yasingemfaa mtu.

Mchangiaji wa Mombasa

Kwa diski ya pili sina pingamizi, na nadhani hapo tumekutana. Lakini nakuachia swali moja, kaka, kwa sababu nataka nijue msimamo wako unafika wapi. Katika Aliens kuna pale chombo kinapoanguka nyuma ya wanajeshi wanaokimbia. Anguko lile lilikuwa filamu nyingine iliyorushwa kwenye skrini nyuma ya waigizaji, kisha ikapigwa tena pamoja nao, na ndiyo maana sehemu hiyo imefifia na kuchafuka kuliko picha zinazoizunguka. Macho ya leo yanaiona mara moja kwamba ni skrini. Katika hiyo diski yako ya pili ungetaka hata hiyo ibaki na uchafu wake wote?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndiyo. Hata hiyo.