Nimealikwa residensi mbili Ulaya (msanii anapewa mahali pa kukaa na kufanya kazi kwa muda), na kazi yangu inangoja mvua ya Lubumbashi. Nifanye nini?

ShabaYaMvua

Yambo wote. Naomba mnisome mpaka mwisho, kisha mniambie ukweli.

Mimi ni msanii, naishi Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo. Nachukua mabamba ya shaba, nayafukia nyuma ya nyumba ya mama kwenye udongo wa kichuguu, ule ule ambao mafundi wetu wanafyatulia matofali. Nalowesha udongo kwa siki na chumvi, halafu naacha. Mvua ikianza Novemba, udongo unaanza kula shaba. Mwezi wa nne nafukua. Bamba limekuwa kijani, lina vishimo na mikwaruzo ambayo mkono wangu haukuichora. Naliosha, nalipaka wino, nalipitisha kwenye mashine ya roli na karatasi iliyoloweshwa. Mabamba mengine nayatundika nje, nayabandikia kipaza sauti kidogo cha piezo, kile kinachonasa mtetemo wa bamba lenyewe, narekodi matone yanavyoyapiga. Sauti na karatasi ni kazi moja.

Shida ni kalenda. Mwaka juzi nilikuwa Ujerumani miezi mitatu, mwaka jana Uholanzi, na safari zote mbili ziliangukia wakati wa mvua huku kwetu. Kule nilijaribu kuharakisha: nilinunua siki dukani, nikafukia mabamba kwenye ndoo ya udongo wa bustani. Baada ya wiki kumi yalikuwa yamebadilika rangi tu, hayajaliwa. Siku ya kufungua studio kwa wageni ilipofika sikuwa na cha kuonyesha isipokuwa ndoo. Mwenyeji mmoja akaniandikia karatasi ya maelezo ukutani, akasema kazi yangu inahusu mateso ya migodi. Sikuwahi kusema hivyo. Nililala vibaya wiki nzima.

Sasa nimealikwa tena mara mbili mfululizo: Ubelgiji tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba, kisha Ufaransa katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili. Wote wanalipa posho na nyumba. Nikikubali zote, nakosa msimu mzima wa mvua kwa mara ya tatu. Nikikataa, naogopa hawataniita tena. Nina mtoto wa miaka sita, anabaki na mama yangu. Na hapa sina mashine ya kuchapia, kule ipo. Niende au nibaki?

FundiKamalondo

Dada, nenda. Mimi nagonga picha za shaba miaka ishirini, nawauzia wageni, na hakuna aliyewahi kunilipa nikae nifikirie. Wewe unalipwa kufikiri. Mvua itanyesha na mwakani.

SikuTisini

Kabla ya moyo, tuhesabu siku, maana naona hatari ambayo huenda waalikaji hawakukuambia.

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku 90 ndani ya siku zozote 180, na nchi zote za Schengen zinahesabiwa kama moja. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Sasa chukua mwaliko wako wa kwanza: Oktoba ina siku 31, Novemba 30, Desemba 31. Jumla 92. Wameandika "miezi mitatu" lakini umeshazidisha siku mbili. Ukifika tarehe 1 Oktoba lazima uwe umetoka tarehe 29 Desemba. Siku mbili hizo zinaweza kukuharibia viza zijazo zote.

Mwaliko wa pili ndio mbaya zaidi. Ukimaliza siku 90 mfululizo, unatakiwa ukae nje siku 90 ndipo upate 90 nyingine. Ukitoka mwisho wa Desemba, huwezi kurudi katikati ya Januari kwa viza ya aina hiyo, hata kama Ufaransa ni nchi nyingine. Itabidi mmoja wao akuombee viza ya muda mrefu ya nchi yake. Siku za viza ya muda mrefu haziingii kwenye hesabu ya 90. Lakini hiyo ina karatasi nyingi, na kwa kawaida unaiomba ukiwa nchi unayoishi. Maana yake urudi Kongo katikati, upange foleni upya.

Waulize leo, kwa maandishi: viza gani? Nani analipa? Ada ya viza fupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Ombi unaweza kulipeleka mapema mpaka miezi sita kabla ya safari. Usisubiri ule muda wa mwisho wa siku 15 kabla ya safari. Mimi nilisubiri, nikapanda ndege kwenda Kinshasa mara mbili kwa pesa yangu mwenyewe kwa sababu ya barua moja ya mwaliko iliyokosa sahihi.

MamaWaWawili

Mdogo wangu, hakuna aliyetaja mtoto. Miaka sita anajua kuhesabu siku. Nilimwacha wangu miezi mitano mfululizo, niliporudi alikuwa ananiita kwa jina kama jirani. Miezi mitatu alivumilia. Sikuambii usiende. Nakuambia usiunganishe safari mbili.

Na posho usiipigie hesabu yako peke yako. Toa sehemu ya mama kabla hujapanda ndege, mpe mkononi, kwa sababu ukiwa kule kila wiki kuna mtu wa kufiwa, kuna ada ya shule, na kila mmoja anaamini Ulaya pesa inaokotwa.

RoliNaWino

Habari kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mchapaji, nazungumzia bamba.

Kwanza, tahadhari. Ule unga wa kijani ni sumu. Usiukwangue mkavu, usiuvute puani, vaa glovu, na bamba lioshwe sana kabla halijagusa mashine, la sivyo unga unaingia kwenye blanketi za mashine na kila anayechapa baada yako anapata madoa yako. Usichomeshe bamba lenye kutu hiyo karibu na mtoto.

Pili, umechanganya vitu viwili bila kujua. Rangi na kuliwa si kitu kimoja. Rangi unaipata haraka: tundika bamba ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya siki bila kuigusa, na ndani ya siku chache limekuwa kijani na bluu. Vishimo vya kushika wino vinahitaji muda, na udongo wa bustani ndani ya jengo la baridi hauwezi kufanya kazi ya udongo wenu unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Haukushindwa wewe. Ulipeleka Ulaya sehemu ya kazi ambayo haifanyiki Ulaya.

Kwa hiyo mimi ningeuliza hivi: sehemu gani ya kazi inahitaji Lubumbashi, na ipi inahitaji mashine? Kufukia na kurekodi ni kwenu. Kuchapa ni kule. Nenda na mabamba yaliyokwisha kuliwa. Bamba la sentimita 20 kwa 30, unene wa milimita 0.8, lina uzito wa karibu gramu 430. Kumi na mawili ni kilo tano na kidogo. Yanaingia kwenye begi, na siki utaikuta popote. Beba barua ya mwaliko na picha ya kila bamba, useme ni mabamba ya kuchapia. Mtu wa forodha akiona shaba kutoka Katanga bila maelezo, ataanza kuwaza madini.

Na usifikiri mashine ziko Ulaya tu. Huku Dar kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, wasanii wanatoka na kuingia, na ungeongea Kiswahili chako asubuhi mpaka jioni. Malori yenye shaba yenu yanapita Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, yanashuka mpaka bandarini kwetu kila siku. Nimekuwa nikitamani kuona shaba hiyo ikifika kama karatasi iliyochapwa.

FundiKamalondo

Sikujua kwamba hesabu ya viza iko hivyo. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo: usikatae zote.

MzeeWaRuashi

Mwanangu, lililoniuma ni ile karatasi ya ukutani.

Mji wetu una historia ya jambo hilo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji hapa, wakati ule ukiitwa Élisabethville. Watu waliiita Le Hangar. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi, Bela aliweka rangi kwa ncha za vidole. Hayo yalikuwa majaribio ya kweli, na mimi nikiyatazama nashangaa mpaka leo. Lakini waliosimulia kazi zile huko nje wengi walikuwa watu wengine. Bela aliweka kidole, mwingine akaweka maneno.

Siku hizi tuna bahati ambayo wao hawakuwa nayo. Tangu 2008 vijana wa kituo cha sanaa cha Picha wanafanya biennale, maonyesho ya kila miaka miwili, hapa hapa, msanii Sammy Baloji akiwa mmoja wa walioianzisha, na dunia inakuja Lubumbashi kutazama. Kituo cha sanaa kiitwacho Waza nacho kipo. Kwa hiyo usiamini kwamba mlango ni mmoja na uko Brussels.

Andika ukurasa mmoja wa maelezo yako mwenyewe kabla ya kusafiri. Uandike kwa Kiswahili kwanza, kama ulivyotuandikia hapa, kisha utafute mtu wa kuutia Kifaransa. Utume pamoja na mkataba, useme hakuna maelezo mengine yatakayowekwa ukutani kabla hujayasoma. Ulivyoeleza mvua na kichuguu hapo juu, mimi sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

ShabaYaMvua

Aksanti sana, papa. Aksanti wote. Nimesoma huku nikiandika kwenye daftari.

RoliNaWino, ulichosema kuhusu rangi na kuliwa kimenifungua macho. Miaka miwili nilijilaumu kwamba mimi ni mzembe.

Nimewaandikia wote wawili jana usiku. Ubelgiji nimesema nakubali, nikiondoka tarehe 29 Desemba, na nimewaeleza wazi kwamba sitatengeneza kitu kipya: nina mabamba tisa ya msimu wa zamani ambayo hayajawahi kuchapwa, nitachapa hayo. Ufaransa nimewaomba wanihamishie Mei hadi Julai, kiangazi chetu, ili Januari mpaka Aprili niwe nyumbani na mvua na mtoto. Dada MamaWaWawili, nimekusikia.

SikuTisini, Mei itapita kwenye hesabu yako?

SikuTisini

Inapita. Ukitoka 29 Desemba, kufikia mwisho wa Machi umekaa nje siku 90. Kuanzia tarehe 1 Mei unaweza kukaa siku 90 kamili, mpaka 29 Julai. Mwambie Mfaransa aandike tarehe hizo kwenye barua, asiandike "miezi mitatu". Na uulize kazi zako zitarudi kwa gharama ya nani.

ShabaYaMvua

Hilo la mwisho nililijifunza kwa uchungu. Chapa zangu kumi na nne bado ziko kwenye chumba cha chini cha jengo moja mji ambao siutaji, na gharama ya kuzirudisha inazidi posho niliyopewa. Safari hii nimeliweka kwenye barua.

Ubelgiji wamejibu leo asubuhi, wamekubali. Ufaransa bado.

Linabaki jambo moja. Nitafukia mabamba mapya Septemba, kabla sijaondoka. Mvua za kwanza za Novemba ndizo zenye sauti nzuri, udongo ukiwa bado mkavu na bamba likiwa halijalowa, na mimi nitakuwa Ubelgiji. Mama hawezi kushughulika na mitambo ya kurekodi.

FundiKamalondo

Niko umbali wa dakika kumi na tano kwa baiskeli. Nionyeshe kitufe gani.

ShabaYaMvua

Kaka, ni vitufe viwili. Ila piezo ina tabia zake: ikiingia maji inakufa, kwa hiyo naipaka rangi ya kucha pande zote na kuiacha ikauke usiku mzima. Na inahitaji kifaa cha kuikuza sauti kabla ya kurekodi, la sivyo unasikia kitu chembamba kama redio ya jirani. Kifaa nitakuachia. Jina lako litaandikwa kwenye kazi, sehemu ya sauti, pamoja na malipo kutoka bajeti ya vifaa. Nitawaandikia Ubelgiji waiongeze.

FundiKamalondo

Malipo tutaongea. Jumanne baada ya saa kumi nitapita kwa mama yako. Nina mabaki ya shaba ya milimita moja, nitakuja nayo, tufukie pamoja tuone kama nene inaimba tofauti.