Tupeane uzoefu: baleti yako ya kwanza, ulitoka ukimlaumu nani?

Mleta mada, London

Wakuu, habari za leo. Kila nikipata tiketi ya kusimama pale Royal Opera House, Covent Garden, naenda kutazama baleti, yaani hadithi inayosimuliwa jukwaani kwa dansi na muziki, bila maneno. Ninachokipenda zaidi ni kumsikiliza mtu aliyetoka kuiona kwa mara ya kwanza. Wazoefu watajadili miguu na miruko. Mgeni anajadili watu: nani mkorofi, nani kaonewa, wazazi walikuwa wapi. Nami nashikilia kwamba mgeni ndiye anayetazama sawasawa, kwa sababu hadithi hizi zilitungwa ili tuwakasirikie wahusika na tuwaonee huruma. Andikeni mlichokiona, bila maneno ya kitaalamu.

Nianze na Swan Lake, yenye muziki wa Tchaikovsky. Mwanamfalme Siegfried kafika umri wa kuoa. Mama yake anampa upinde, na papo hapo anamkumbusha achague mchumba kwenye karamu ya kesho. Mama hana kosa. Usiku kijana anakwenda ziwani kuwinda, anakutana na Odette, msichana aliyerogwa akawa batamaji, anayerudia umbo la binadamu usiku tu. Uchawi utaondoka akipata mwanamume wa kumwapia penzi na asivunje kiapo. Siegfried yuko tayari kwa lolote. Kesho yake tu, Rothbart, mchawi aliyemroga Odette, anamleta binti yake Odile karamuni, kavaa nyeusi, sura kama ya Odette, na kijana anainua vidole viwili juu, anamwapia Odile penzi mbele ya mama yake na wageni wote!

Nikamgeukia mama mmoja aliyesimama kando yangu: "Huyu hakumtazama usoni?" Akanieleza kwa upole kwamba Odette na Odile huchezwa na mtu mmoja. Sawa, lakini Odette mikono inamtetemeka na hamtazami mtu machoni, wakati Odile anakukazia macho na kutabasamu. Mwenye penzi angejua.

Adhabu nampunguzia kwa jambo moja. Odile anazunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, ule mwingine ukichapa hewa kila mzunguko. Tangu mchezaji Mwitaliano Pierina Legnani afanye mizunguko hiyo kwenye Swan Lake kule St. Petersburg mwaka 1895, ukumbi mzima husubiri kipande hicho. Mtu akizungushiwa mara 32 mbele ya macho yake, hata jina la ukoo anaweza kulisahau.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Miye nilimpeleka bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, kutazama Giselle kwenye jumba letu la opera lililofunguliwa mwaka 2011. Lilikuja kundi la wageni. Bibi kavaa vizuri, kajifukiza udi, kakaa wima mpaka mwisho.

Kisa chenyewe: bwana mkubwa Albrecht kajifanya mkulima, kaficha upanga wake, anamchezea Giselle, msichana wa kijijini. Kwao ana mchumba. Mama yake Giselle anamwonya mwanawe kwa mikono tu, hakuna neno linalosemwa, na bibi akaufahamu ujumbe wote kabla yangu: "Anamwambia akicheza sana atakufa, aungane na mizimu ya wasichana waliosalitiwa kabla ya harusi." Hivyo hasa! Hilarion, mlinzi wa wanyama anayempenda Giselle pia, anautoa ule upanga hadharani. Giselle akili inaruka, nywele zinamfumuka, anaokota upanga na kuuburuta ardhini kwa ncha, halafu anaanguka na kufa.

Sehemu ya pili ndiyo iliyomuudhi bibi. Ile mizimu inamchezesha Hilarion mpaka anachoka, inamtupa ziwani. Albrecht anakingwa na Giselle mwenyewe, kunakucha, anatoka mzima. Bibi hakuweza kuvumilia: "Msema kweli kauawa, muongo kasamehewa!" Giselle ilichezwa kwanza Paris mwaka 1841, na bibi anataka kujua kwa nini mpaka leo hajatokea wa kumtetea Hilarion.

Mchangiaji, Dodoma (nilisoma Moscow)

Namheshimu bibi, ila Hilarion hana usafi huo. Kama alimpenda Giselle angemwita pembeni akamwambia. Yeye akasubiri watu wajae, akamwaga siri. Huo ni wivu.

Kwa atakayekwenda Urusi: huingii ukumbini na koti, unaliacha kwa kina mama wanaotunza makoti. Mimi walinishauri nikodi darubini hapo hapo, kwa sababu mwenye kurudisha darubini hapangi foleni ya koti wakati wa kutoka. Wakati wa baridi ushauri huo ni dhahabu.

Mchangiaji, Nairobi

Yangu ni Nutcracker, ile ya Dance Centre Kenya pale Kenya National Theatre. Binti ya dada yangu alikuwa panya vitani. Ninayemlaumu ni Drosselmeyer, baba wa ubatizo wa mtoto Clara. Nyumba imejaa watoto wenye msisimko wa Krismasi, yeye anampa Clara mwanasesere mmoja wa kubanjia njugu! Bila shaka kaka mtu angemvunja. Halafu usiku Clara ndiye anayeachiwa kupigana na mfalme wa panya, silaha yake kiatu alichomrushia. Mtoto yule alistahili safari ya nchi ya peremende.

Nilishika viatu vya wasichana wakubwa. Ile ncha ngumu ni vitambaa na karatasi vilivyogandishwa kwa gundi. Mmoja wao alikuwa anavigonga sakafuni kwa nguvu, kimoja baada ya kingine, ili visipige kelele jukwaani, kisha akakaa kushona utepe kwa mkono wake. Kiatu kinaweza kuisha kwa onyesho moja tu. Wazazi, jipangeni.

Mleta mada, London

Muscat, nipelekee shikamoo kwa bibi. Mwambie atafute Coppélia, ya Paris pia, 1870. Kijana anampenda mwanasesere aliyekaa roshani akidhani ni msichana wa kweli, na mchumba wake Swanilda anaingia nyumba ya fundi aliyemtengeneza kuufichua ukweli. Hakuna anayekufa, na harusi inafungwa.

Mchangiaji, Muscat

Kaitikia, marahaba. Bibi kampenda Swanilda tayari. Anauliza huyo kijana anaozeshwa vipi kabla hajaomba radhi.